Karani Aliyeomba Ruhusa

Karani alikuwa na tabia ya kurudi nyuma kila alipobisha mlango wa mtu. Aligonga mara tatu, akageuka, akapita kijia cha bustani, akatoka nje ya geti, na hapo kando ya barabara ndipo alipongoja, kofia mkononi, hata mvua ikinyesha. Mara ya kwanza alipokuja kwangu nilifungua mlango nikaona hakuna mtu, nikafunga. Akaja akagonga tena. Nikafungua, nikamwona ng'ambo ya geti, Mhindi mrefu, mwembamba, amevaa tai, ananiinamishia kichwa.

"Hodi, mwanangu," akasema, kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka kuliko changu. "Nimeambiwa hapa pana mtu wa Unguja."

"Shikamoo, mzee. Karibu. Mbona umesimama mbali?"

"Marahaba. Hapo uliposimama ni pako. Hapa niliposimama mimi ni pa watu wote. Sijakaribishwa bado."

"Si nimeshasema karibu?"

"Ah. Basi sasa naja."

Hiyo ilikuwa Queensbury, mtaa wa London, katika miaka ambayo nusu ya barabara yetu ilijaa watu waliotoka Nairobi, Kisumu, Kampala na Mombasa, masanduku yao bado yamepangwa ukumbini. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili, na Karani alikuwa amesikia hivyo. Alitaka mtu wa kumpigia chapa barua zake, na alitaka mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Nadhani haja ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Kwa miaka mingi alikuwa karani katika ofisi ya ardhi ya mji mmoja wa pwani ya Kenya, akiandika katika madaftari makubwa ni nani mwenye kipande gani. Alikuja London mwishoni mwa miaka ya sitini pamoja na mkewe na binti yao, katika lile wimbi la Waasia wa Kenya waliokuwa na pasi za Kiingereza na waliosikia kwamba mlango unafungwa. Neno mkimbizi hakulipenda. Mimi niliyetoka Unguja baada ya mapinduzi, na kifurushi kimoja, nililizoea, na kila nilipolitamka mbele yake alinisahihisha.

"Wewe ulikimbia. Mimi nilihama."

Kisha akaongeza: "Nilihama mbio."

Huku London ukarani haukupatikana. Alipeleka maombi ofisi hii na ile, akajibiwa kwa adabu kwamba uzoefu wake haufai. Mwisho akapata kazi Hayes, karibu na uwanja wa ndege, katika ghala la kupanga masinia ya chakula cha abiria. Alivaa tai yake ndani ya ovaroli. Wenzake walimcheka mwezi mmoja, halafu wakaanza kumletea barua zao: barua ya mwenye nyumba, barua ya uhamiaji, barua ya skuli ya mtoto. Alizisoma wakati wa chai, amesimama, kisha akamweleza kila mtu barua yake inasema nini na haisemi nini. Hilo la pili alilipenda zaidi. "Angalia walichokiacha," alikuwa akisema. "Mtu mwenye ofisi husema uongo kwa kuacha."

Binti yangu alizaliwa huku, akafahamu Kiswahili chote lakini hakukisema. Karani alimsalimia kwa Kiswahili, mtoto akamjibu kwa Kiingereza. Watu wengine wangemkemea mtoto, au wangekata tamaa wakahamia Kiingereza. Karani hakufanya lolote kati ya hayo. Wakaendelea hivyo miaka, yeye kwa lugha yake na mtoto kwa yake, wakibishana habari za kriketi bila hata mmoja wao kuona kwamba pana jambo la ajabu.

Jumamosi alikuwa maktaba. Alichukua kitabu kimoja kinene cha sheria ya ardhi ya Kiingereza na kukisoma kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayepekua mchele. Alipokuja kwangu jioni, chai ilikuwa haijamiminwa bado na yeye ameshaanza.

"Wajua, mwanangu, katika nchi hii viko vijiji ambako watu wana haki ya kucheza dansi katika shamba la mtu. Mwenye shamba apende asipende."

"Nani aliwapa?"

"Hakuna aliyewapa! Ndiyo maana yake. Walicheza, na babu zao walicheza, na hakuna anayejua nani alianza. Pengine kuanika nguo, pengine kuchunga mabata bukini, pengine kuokota kuni. Desturi. Ikiwa ya zamani, na haikukatika, na ni ya watu wa mahali pale hasa, na ni jambo la akili, basi ni sheria. Hakimu mwenyewe huinama."

"Ya zamani kiasi gani?"

Hapo alitabasamu, na Karani hakutabasamu mara nyingi. "Tangu kutawazwa kwa mfalme mmoja, miaka mia nane iliyopita. Kabla yake, sheria yasema, hakuna kumbukumbu ya mwanadamu. Hebu fikiri, sheria inayokiri kwamba imesahau!"

Baadaye, akanieleza, bunge liliona miaka mia nane ni mingi mno, likaweka njia fupi zaidi kwa viwanja vya kuchezea: watu wa mtaa wakikitumia kiwanja miaka ishirini, wanaweza kuomba kiandikwe kuwa chao cha kutumia daima. Nilimsikiliza nikishona. Sikudhani kwamba siku moja mambo hayo yatatuhusu.

Alikuwa mtu wa kushika sheria kwa mikono miwili, lakini hakuitumia dhidi ya mtu. Jirani yake alikuwa mjane wa Kiingereza, Doreen, mwanamke wa maneno machache na mbwa wawili. Ua wa mbao kati ya nyumba zao ulijengwa na marehemu mumewe. Karani alipohamia tu alipima bustani yake, akaona ua umeingia kwake futi moja kuanzia mbele mpaka nyuma. Hakusema kitu. Alinionyesha mimi siku moja, kwa ncha ya mwavuli, kama anayeonyesha kovu.

"Mwambie basi," nilimwambia.

"Mumewe ndiye aliyeupigilia misumari. Nitaung'oaje?"

Sheria ya wakati ule ilisema mtu akikalia ardhi ya mwenziwe miaka kumi na miwili bila kuguswa, mwenyewe hawezi tena kumtoa. Karani aliihesabu. Ilipotimia alinunua sahani ya vitamu vya jalebi, akagonga mlango wa Doreen, akarudi nyuma mpaka barabarani, na mama yule alipotoka akampa habari kwamba kuanzia leo ile futi moja ni yake kabisa na hakuna awezaye kumsumbua. Doreen hakuelewa hata neno moja, lakini jalebi alizichukua. Alipoelezwa na mtu mwingine, wiki moja baadaye, alikaa jikoni kwake akalia. Tangu siku hiyo akawa anampikia Karani keki zisizo na mayai, kwa kuwa mayai hakula.

Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na kiwanja. Zamani kilikuwa uwanja wa michezo wa wafanyakazi wa kiwanda kimoja, na kiwanda kilipofungwa, kampuni ikakiacha. Uzio ulianguka mahali pawili patatu. Nyasi zikakua, njia zikajichora zenyewe. Waingereza walitembeza mbwa. Vijana wetu walicheza kriketi. Mwezi wa Januari Wagujarati walirusha tiara katika baridi ile, glavu mkononi, wakipiga kelele kana kwamba wako kwao. Sisi Waislamu tulikwenda siku ya Idi na vyakula vyetu, tukatandika mikeka. Vuli ilipofika kila mtu alichuma matunda ya miiba na kurudi na midomo myeusi. Kila jioni wanawake walizunguka kiwanja mara tatu au nne, wamevaa sari na khanga chini ya makoti mazito, na viatu vya mpira.

Mke wa Karani alikuwa mmoja wao. Daktari alimwambia atembee kwa sababu ya sukari. Mwaka wao wa kwanza alikataa kabisa kutoka. Mtu alikuwa ameandika ukutani mwao kwa rangi nyeupe kwamba warudi kwao, na tangu hapo mama yule aliogopa hata kwenda dukani. Kisha siku moja tukamwona anatembea kiwanjani, taratibu, mkoba umebanwa kwapani, mumewe hatua moja nyuma. Tulifikiri amezoea. Wao wawili walipenda pembe ya chini, mahali penye miti ya msonobari, ambako watu wengi hawakufika kwa sababu ya tope. Walikaa pale juu ya gogo na chupa ya chai. Mama yule alifariki baada ya miaka kumi na saba ya kutembea hivyo. Karani akaendelea kwenda peke yake, saa ile ile.

Miaka michache baadaye kampuni ilisimamisha kibao: Eneo Binafsi. Wiki ya pili uzio mpya. Wiki ya tatu tukasikia kwamba zitajengwa nyumba, barabara itapita katikati, na sisi tutabaki na ukuta.

Watu walikasirika kama wanavyokasirika watu, kila mmoja nyumbani mwake. Karani ndiye aliyetuita. Tulijaa sebule ya Doreen, watu labda thelathini, wengine kwenye ngazi, na Karani akasimama mbele ya kabati la vyombo akiwa na kile kitabu chake cha maktaba.

"Tutaomba kiandikwe kiwanja cha watu wa mtaa," akasema. "Tunahitaji miaka ishirini. Tunayo na zaidi. Lakini si kila miaka ishirini inayohesabika. Lazima tuwe tumeingia bila nguvu, bila kificho, na bila ruhusa."

Mwenye duka la magazeti, Mhindi wa Kisumu, akainua mkono. "Bila ruhusa? Yaani aliyeomba kwa adabu hana haki, na aliyeingia tu anayo?"

"Aliyepewa ruhusa ni mgeni. Mgeni akikaa miaka mia, bado ni mgeni. Haki huja kwa yule aliyetembea mchana, mbele ya macho ya mwenye ardhi, kama mtu wa pale, na mwenye ardhi akanyamaza."

Nakumbuka nilivyomtazama. Mtu aliyengoja nje ya geti kwenye mvua ndiye aliyekuwa akitueleza kwamba haki ni ya asiyebisha. Yeye mwenyewe alikuwa amekodoa macho kwenye kitabu.

Kazi ikaanza. Alikwenda nyumba kwa nyumba miezi minne kukusanya ushahidi. Kila mtu aandike alianza kutumia kiwanja lini, mara ngapi, kwa ajili gani, na achore njia yake kwenye ramani kwa kalamu nyekundu. Doreen alikwenda kwa Waingereza, Karani kwetu. Mimi nilipiga chapa. Kila jioni aliniletea karatasi, na mimi nikaona maisha yetu yakipangwa mbele yangu: mtu aliyejifunza kuendesha baiskeli pale, mtu aliyeposa pale, mama wa Kampala aliyeandika kwamba pale ndipo mahali pa kwanza katika nchi hii alipocheka. Nyumba yetu ya Unguja ilichukuliwa na ina watu wengine mpaka leo. Nilikitaka kiwanja kile kwa namna ambayo sikuweza kuieleza, hata kwa mume wangu.

Katika bahasha ya mwisho, iliyokuwa na ushahidi wake mwenyewe, niliikuta barua. Ilikuwa ya kampuni, imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekatika na kuunganishwa kwa utepe wa gundi. Ilisema, kwa mistari mitatu, kwamba bwana na bibi fulani wanaruhusiwa kutembea na kupumzika katika uwanja wa michezo wa zamani, mpaka hapo kampuni itakapoamua vingine. Tarehe yake ilikuwa ya mwaka wao wa kwanza.

Niliisoma mara mbili. Kisha niliitoa katika bahasha nikaiweka kwenye droo ya mashine ya kushonea.

Kesho yake alikuja kuchukua karatasi. Akazihesabu akiwa amekaa, akazihesabu tena.

"Imepungua moja."

"Ipi, mzee?"

"Unaijua."

Akaweka miwani mezani.

"Karani, ile barua ni ya zamani. Kampuni imehama ofisi mara tatu, hawana nakala, hawakumbuki. Wangekuwa nayo wangeshaitaja. Hakuna anayejua."

"Mimi naijua. Na sasa wewe."

"Kwa nini uliomba?" nilimuuliza, na sauti yangu ilipanda. "Hakuna mwingine aliyeomba! Watu waliingia tu!"

Akanijibu polepole. "Hakutaka kutoka. Nilimwambia, hakuna atakayekuuliza. Akasema, wakiniuliza nitawaonyesha nini? Basi nikaandika, nikaomba, wakajibu. Barua ile ilikaa katika mkoba wake miaka kumi na saba. Hakuna hata siku moja aliyoulizwa. Lakini alitembea."

Alinyoosha mkono. Nilikwenda kwenye droo nikaitoa nikampa. Nilikuwa nalia kwa hasira. Yeye akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha katika bahasha.

"Siwezi kusimama pale niape halafu nimwache nje," akasema.

Baraza la kusikiliza ushahidi lilikaa katika ukumbi wa kanisa, mbele ya mwanasheria aliyeteuliwa na kaunsili, mwanamke mwenye nywele za mvi aliyeandika kila kitu kwa mkono. Kampuni ilikuwa na wakili wake. Sisi tulikuwa na Karani. Siku mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Doreen aliulizwa kama aliwahi kuona kibao cha kumkataza, akajibu kwamba kingekuwepo, mbwa wake wangekikojolea, watu wakacheka, hata yule mwanasheria.

Siku ya tatu akaapa Karani. Alisimama na suti yake ya kijivu. Kabla wakili wa kampuni hajamuuliza lolote, aliomba kutoa karatasi moja zaidi, akaitoa. Ukumbi wote ulimwona wakili yule akiisoma, kisha akiisoma tena, kisha akiinua uso kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Uliwaambia majirani zako juu ya ruhusa hii?"

"Hapana."

"Wewe ndiye kiongozi wao. Mtu anayewasomea barua zao. Unataka baraza hili liamini kwamba hukuwaambia Wahindi wenzako kwamba umewapatia ruhusa?"

"Sikuwapatia. Barua inataja watu wawili. Nilimwombea mke wangu. Wengine hawakuhitaji."

"Kwa nini basi hukuwaambia?"

Karani akainyoosha tai yake. Mwanasheria akaacha kuandika na kumtazama.

"Niliona haya," akasema. "Wao walitembea kama watu wa hapa. Sikutaka wajue kwamba mimi nilibisha."

Nyuma yangu nilisikia kiti kikisukumwa. Alikuwa Doreen, anatoka. Nje, baada ya kikao, alimngoja langoni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Ungeweza kunyamaza," akamwambia.

"Ningeweza."

"Miezi minne nimetembea na magoti haya nyumba kwa nyumba."

"Najua, Doreen."

Hakumsemesha tena kwa mwaka mzima. Wengine hawakuwa wakali hivyo lakini walipunguza kumtembelea. Mwenye duka la magazeti alimwambia mume wangu kwamba kuna watu wanaopenda usafi wao wenyewe kuliko wenzao, na maneno hayo yalimfikia Karani kama yalivyokusudiwa. Aliendelea kununua gazeti duka lile lile.

Uamuzi ulikuja baada ya miezi saba. Kiwanja kiliandikwa. Sehemu ya juu yote, theluthi mbili na zaidi, ikawa ya watu wa mtaa kutumia daima. Pembe ya chini, penye misonobari, haikuandikwa. Mwanasheria alieleza kwamba ushahidi wa matumizi ya pembe ile ulitoka zaidi kwa watu wawili, na watu hao walikuwa pale kwa ruhusa, kwa hiyo miaka yao haihesabiki. Ilikuwa sentensi moja tu. Niliisoma kwa sauti sebuleni kwake kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma.

"Ni sawa," akasema. "Ameandika vizuri. Mimi pia ningeandika hivyo."

Walikata misonobari msimu ule ule. Nyumba kumi na nne zinasimama pale leo, na mtu anayekaa ya mwisho ameweka bembea mahali lilipokuwa gogo. Nilimwambia Karani kwamba haki ya sehemu iliyobaki ni ya kila mkazi, hata yeye, haiangalii nani alihesabiwa. Alijua hayo kuliko mimi. Hata hivyo zilipita wiki kadhaa kabla hajaenda, na alipokwenda alitembea kando kando, karibu na uzio.

Mara ya mwisho nilimwona Thornton Heath, kwa binti yake, ambako alihamishiwa miguu ilipomshinda. Ilikuwa miaka minane baada ya baraza. Binti alinipigia simu: Baba anakutaka, hasemi kwa nini. Nilivuka London nzima kwa treni, na baada ya chakula cha mchana nikamkuta katika chumba cha mbele, amefungwa blanketi kiunoni, tai shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mashine ya chapa?"

"Nimestaafu, Karani. Nina kalamu."

"Inatosha. Keti. Kuna ushahidi."

Nilidhani anachanganya siku. Lakini macho yake yalikuwa maangavu, na sauti ilikuwa ile ya siku aliyosimama mbele ya kabati la Doreen. Akaanza kusema, na mimi nikaandika.

Alikuwa na miaka kama thelathini, kule ofisini pwani. Akaja bibi mmoja wa Kidigo, mtu mzima, vumbi mpaka magotini. Shamba lao la mikorosho lilikuwa limeuzwa na mtu wa mjini kwa mtu mwingine wa mjini, na wote wawili walikuwa na karatasi. Bibi hakuwa na karatasi. Alisema wao wako pale tangu zamani, hajui tangu lini, na pale ndipo wanapozika. Akaanza kutaja makaburi, mmoja mmoja, kwa vidole.

"Mimi nikamwambia, bibi, makaburi si hati. Nikachukua daftari nikaandika mbele yake: hakuna pingamizi. Akashukuru. Alidhani nimeandika maneno yake. Alifika mlangoni akarudi. Akaniuliza, sasa nikamwombe nani ruhusa ya kumzuru mume wangu?"

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Kulikuwa na foleni."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai. Hakuwahi kuyasikia hayo, niliona usoni mwake. Aliweka trei chini na kukaa kwenye mkono wa kiti.

Karani akaendelea. Alitaka kila kitu kiandikwe: kisima kilikuwa upande gani, mikorosho ilipandwa safu ngapi kama bibi alivyosema, makaburi tisa, moja la mtoto. Barua iende ofisi ile ile, na nakala kwa chifu wa mahali pale, awe nani sasa. Huenda wajukuu wapo. Huenda wanabishana na mtu mwenye karatasi hivi leo.

"Jina la bibi?" nikamuuliza.

Akafungua kinywa. Akakifunga. Akatazama dirishani kwa muda mrefu, midomo ikijaribu herufi moja kisha nyingine. Binti yake akamshika bega.

"Nililiandika mimi," akasema. "Kwa mkono huu. Niliandika jina lake lote vizuri, halafu mbele yake nikaandika vile."

"Tutasema bibi mmoja."

"Hapana. Waambie wafungue daftari. Jina limo, kwa mwandiko wangu." Akafikiri. "Lakini watajuaje mwandiko wangu? Nipe kalamu. Mstari wa mwisho nitaandika mimi, wapate kufananisha."

Mkono wake ulikuwa ukitetemeka kwa miaka mingi. Binti yake alimwekea kitabu chini ya karatasi, mimi nikamshikilia kona. Herufi ya kwanza ilianguka nje ya mstari. Akaitazama, akaniomba karatasi nyingine. Ya pili nayo akaikataa. Kwenye ya tatu aliegemeza kiwiko juu ya goti, akabana pumzi, na akawa anachora kila herufi kama alivyofundishwa zamani, mkia wake na kiuno chake, akipumzika baina ya herufi na herufi, huku chai inapoa. Yalikuwa maneno mawili tu. Alipomaliza aliyasoma kwa kidole, akanigeuzia karatasi niyasome na mimi.

Pingamizi lilikuwepo.